Njia ya Tatu Kati ya Migori na Homa Bay

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu. Aliyeniambia alikuwa Meneja wa Tawi la Migori, mtu mfupi mwenye sauti pana, na kitu chenyewe kilikuwa sanduku la kijivu lililowekwa juu ya meza na kufunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni. Chini ya kitambaa taa ndogo za kijani zilikuwa zikipepesa. Niliposogea nizitazame, alinyoosha mkono kunizuia.

"Madam, hiyo tunaiacha vile iko. Ikilala tunapigia Kisumu. Ikiamka tunashukuru Mungu."

Sikuwa na ujasiri wa kumweleza kwamba nilikuwa nimetumwa kuigusa hiyo hiyo. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka kumaliza shahada ya uzamili katika mawasiliano ya kompyuta. Katika utetezi wa tasnifu yangu, mtahini mmoja alikuwa ameutazama mchoro wangu kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole ambao ulinichoma kuliko ukali: "Mtandao wako ni mzuri sana. Haujawahi kunyeshewa." Nilifaulu, lakini sentensi hiyo ilisafiri nami kutoka Nairobi hadi Migori, nikiigeuza upande huu na ule. Je, alimaanisha mvua halisi, au maisha kwa jumla? Na kama ni mvua halisi, ya kiasi gani? Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na wanaonifahamu watasema sijabadilika sana.

Niwaeleze vijana mtandao wenyewe ulikuwaje, maana leo mnabeba mfukoni nguvu kubwa kuliko ile tuliyokuwa nayo katika matawi yote. Kampuni yetu iliuza pembejeo na dawa za mifugo. Kumbukumbu zote za bidhaa zilikaa katika seva moja, yaani kompyuta kuu, kwenye makao makuu ya Kisumu. Tawi la Homa Bay lilihudumia wateja wa Rodi Kopany, Ndhiwa hadi Sindo, na tawi la Migori likahudumia watu wa Kuria hadi Ntimaru. Kila tawi lilikuwa na ruta, sanduku linaloamua kila kifurushi cha taarifa kipite njia ipi, na kila ruta ilikuwa na laini moja tu ya kukodi kwenda Kisumu. Ya Homa Bay ilifuata ufuo kupitia Kendu Bay. Ya Migori ilipanda kwa nguzo kupitia Rongo na Kisii.

Ruta hizo mbili ndizo tulizoziita nodi za mpakani, kwa sababu zilisimama ukingoni, mahali mtandao wa ndani ya tawi unapokutana na ulimwengu wa nje. Meneja aliposikia jina hilo aliniuliza kama tunahitaji kibali cha forodha. Nilimjibu kwa maelezo marefu na makini kabla ya kugundua kwamba ofisi nzima inacheka.

Laini ya Migori ililala mara kwa mara. Ikilala, karani hakuweza kujua chanjo iko ghala gani, na mfugaji aliyetoka Ntimaru alfajiri akaambiwa arudi kesho. Makao makuu yalikuwa yamechoka. Mhandisi Mkuu wa Kisumu, mzee wa miwani minene ambaye hakuwahi kuinua sauti, aliniita na kunipa masharti yake waziwazi.

"Ninakupa nafasi ya kuzipatia nodi hizi njia ya pili. Ukimaliza nitakuja mwenyewe. Nitachomoa kebo nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Chai ikipoa kabla sijauona mtandao unafanya kazi, mashine za Migori zinapanda lori kuja Kisumu, na watu wa Ntimaru wataagiza dawa Kisii."

"Na mtambo wa Migori, mzee? Anayeuendesha?"

"Chacha? Naye atapanda lori."

Chacha alikuwa mwendeshaji wa chumba cha kompyuta cha Migori, kijana wa Kikuria, mrefu, mwenye ng'ombe Ntimaru aliowazungumzia kama wanafunzi wenzake wa shule. Nilipomweleza habari ya lori alikitoa kile kitambaa juu ya ruta, akakikunja vizuri.

"Basi guza, Dokta," alisema. Sikuwa na udaktari wowote, na alilijua hilo vizuri. "Ng'ombe wangu hawawezi kuishi Kisumu. Watakula karatasi."

Wazo la msingi lilikuwa rahisi, na hadi leo nikilieleza moyo wangu unakwenda mbio. Unaziunganisha Migori na Homa Bay moja kwa moja, kwa mguu wa tatu. Laini ya Migori ikikatika, vifurushi vyake vinavuka hadi Homa Bay na kupanda kwenda Kisumu kwa laini ya huko. Ya Homa Bay ikikatika, vinavuka upande wa pili. Pembetatu! Hakuna pembe inayobaki peke yake kwa sababu ya kukatika kwa upande mmoja.

Ugumu ulikuwa mguu huo upite wapi. Pendekezo la Kisumu lilikuwa tukodi waya kutoka Homa Bay kupitia Rodi Kopany hadi Rongo, kisha uteremke Migori. Kwenye karatasi ulikuwa mstari wake wenyewe, safi kabisa. Nilikaa nao siku kadhaa nikikosa amani, nikaomba gari, nikasafiri hiyo barabara nikihesabu nguzo hadi dereva akaniuliza kama nimepoteza kitu. Jibu lilikuwa hapo dirishani: kati ya Rongo na Migori, waya mpya ungening'inia kwenye nguzo zile zile zinazobeba laini ya zamani. Mti mmoja ukianguka, njia zote mbili zinaanguka pamoja.

Nikampigia Mhandisi Mkuu. "Mzee, hizo si njia mbili. Ni njia moja iliyochorwa mara mbili."

"Unataka nini?"

"Redio. Antena Migori, antena Homa Bay, na mnara wa kupokezana kwenye kilima upande wa Ndhiwa."

"Na mvua?"

Aliuliza neno hilo hilo! Nilishika simu kwa mikono miwili. Nilimweleza kwamba mawimbi ya masafa tutakayotumia ni marefu, hayajali matone ya mvua kama yanavyojali milima, na kwamba nilikuwa nimepiga hesabu hiyo mara tatu. Sikumwambia kwamba baadaye niliipiga tena mara ya nne, ikawa ile ile.

Siku mnara uliposimama na antena zikaelekezwa, nilikuwa Migori na Chacha. Upande wa Homa Bay alikuwa Mama Risper, mwendeshaji wa huko, Msabato aliyekataa katakata tuigeuze Jumamosi yake kuwa siku ya majaribio, mwanamke mwenye mkono mwepesi kwenye kibodi na mkali kwa vumbi. Tulikuwa na programu ndogo ya kuandikiana kati ya matawi. Tulikaa tukitazama kioo cheusi. Ghafla herufi zikaanza kujipanga, moja baada ya nyingine, kutoka ng'ambo ya vilima vyote vile, bila kugusa nguzo hata moja ya simu: "Chacha bado uko hai?"

Chacha alipiga meza. Mimi nilipiga kelele, jambo ambalo halikuwa desturi yangu, na Meneja akaja mbio akidhani kuna nyoka.

Kisha ikaja kazi ya kuzifundisha ruta adabu. Taa ya kijani kwenye modemu, kile kifaa kinachogeuza taarifa kuwa mlio wa kupita kwenye waya, inaweza kuwaka vizuri huku laini imekatika mbali, huko Kisii. Kwa hiyo nilizifanya ruta zisalimiane na Kisumu kila baada ya muda mfupi. Salamu zikikosa jibu mara kadhaa mfululizo, ruta inatangaza njia imekufa na kugeukia redio. Niliongeza kanuni moja niliyoiona ndogo: kifurushi kilichoingia kwa mlango wa redio kisirudishwe kwa mlango huo huo. Kama laini yako imekufa na jirani amekuletea mzigo, mjibu mara moja: hakuna njia. Nikawafundisha Chacha na Mama Risper jinsi ya kusoma na kuandika kanuni hizo, kwani sikutaka mtandao unaoamka siku nipo tu.

Tukafanya majaribio. Tulichomoa ya Migori, vifurushi vikavuka. Tulichomoa ya Homa Bay, vikavuka. Furaha yangu, siwezi kueleza. Siku iliyofuata nikasema tuchomoe zote mbili, ili tuhakikishe kwamba bila Kisumu matawi bado yataweza kuzungumza yenyewe kwa yenyewe. Karani wa Migori akaomba hesabu ya bidhaa kutoka Kisumu. Badala ya jibu la haraka la "hakuna njia", taa ya redio ilianza kuwaka bila kupumzika, na programu ya kuandikiana ikaganda. Redio ilikuwa imejaa hadi pomoni. Vifurushi vilikuwa vinarushwa Migori kwenda Homa Bay, Homa Bay kwenda Migori, tena na tena. Kila kifurushi hubeba hesabu ya uhai wake, inayopunguzwa kwa moja kila kinapopita kwenye ruta, na ikifika sifuri kinatupwa. Lakini kabla hakijatupwa kimekwisha kupita redioni mara nyingi, na nyuma yake wanakuja wenzake.

Nilirudi nyumbani na nakala yangu ya kanuni, nikazipitia mstari kwa mstari. Zilikuwa sahihi. Nikashuku toleo la programu ya ruta, nikashuku mnara, nikashuku ubongo wangu. Nilimwona yule mtahini akitikisa kichwa. Na tarehe ya chai ilikuwa imekaribia.

Nikaenda Homa Bay kuitazama ruta ya huko kwa macho yangu. Chumba cha Mama Risper kilipakana na kaunta ya duka, na mlango ulikuwa wazi. Mzee mmoja kutoka Ndhiwa aliingia akiuliza dawa ya kupe ya aina fulani. Mama Risper mwenyewe alitoka kumhudumia, maana karani alikuwa ametoka.

"Hiyo imeisha, baba. Lakini hutarudi bure. Nenda Migori, kwa Chacha. Chacha hakosi kitu."

Nilisimama pale mlangoni. Asubuhi ile ile, kabla ya kupanda gari, nilikuwa nimemsikia Chacha akimwambia mteja wa Ntimaru kuhusu dawa hiyo hiyo: "Hapa hakuna, lakini fika Homa Bay kwa Mama Risper. Yule mama hakosi." Hakuna aliyekuwa nayo! Na hakuna aliyekuwa anadanganya. Katika maeneo yale, kumwambia mtu aliyetembea mbali "sina" na kumwacha hapo ni karibu sawa na kumfukuza. Unampa jina, unampa mwelekeo, unampa mahali pa kwenda.

"Mama Risper," nilisema, "kuna kitu umeiongezea ruta?"

Alinitazama bila wasiwasi wowote. "Kastari kamoja tu, nyathina." Ndivyo alivyoniita, mwanangu. "Ile kanuni yako ilikuwa na moyo mgumu. Watoto wa Migori wanakuja mpaka hapa, laini yangu imelala, halafu niwajibu hakuna njia? Nikaiambia iwarudishie Chacha, pengine yake imeamka."

Nikapiga simu Migori. "Chacha, na wewe umeongeza mstari?"

"Mstari gani, Dokta?"

"Wa vifurushi vya Mama Risper."

Akacheka kidogo kwa aibu. "Aa, huo. Sasa ningemfanyia nini yule mama? Vifurushi vyake vikija nikose pa kuvipeleka, nivifungie mlango? Nikaiambia ruta ivirudishe kwake na heshima. Labda amepona."

Kila mmoja alikuwa amefanya hivyo peke yake, bila kumwambia mwenzake, kwa wema. Niliketi kwenye kiti cha Mama Risper nikacheka hadi machozi, kwa furaha tupu, maana mchoro wangu ulikuwa mzima. Kisha nikawaeleza wote wawili, yeye mbele yangu na Chacha simuni, habari ya yule mzee wa Ndhiwa na yule mteja wa Ntimaru, ambao huenda wangepishana njiani Rongo, kila mmoja akielekea alikotoka mwenzake.

Mama Risper aliweka mkono mdomoni. "Yawa! Mwite yule mzee!" Karani aliyekuwa ndio kwanza anarudi akatumwa stendi mbio, akamwahi mzee kabla gari halijajaa. Mama Risper alimwambia uso kwa uso: "Baba, nisamehe. Hakuna hapa, hakuna Migori. Rudi nyumbani, ikija nitakutumia mtu." Mzee hakukasirika. Alishukuru kwa kuokolewa safari.

"Umeona?" nilisema.

"Nimeona," alijibu, na akaufuta mstari wake mwenyewe. Chacha akaufuta wa kwake, akilalamika kwamba sasa ruta yake itajulikana Homa Bay nzima kwa utovu wa adabu.

Mhandisi Mkuu alikuja Homa Bay siku ya Jumatano. Aliomba chai. Mama Risper alileta ya maziwa, moto wa kuunguza, akakaa mbali na kuanza kuomba kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. Mzee alishika kikombe kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akachomoa kebo ya Kisumu.

Mpango ulikuwa wazi. Laini ya Homa Bay imekufa, basi ombi lolote litavuka redioni hadi Migori na kupanda kupitia Kisii. Karani aliomba hesabu ya chanjo kutoka Kisumu. Tukasubiri salamu zikose majibu. Akaomba tena.

Kioo kilijibu papo hapo: hakuna njia.

Mhandisi Mkuu alikunywa funda moja. "Imekufa," alisema.

Sijui mtu anaweza kufikiri mambo mangapi katika funda moja la chai. Nilifikiri mnara umeanguka. Nilifikiri Chacha ameongeza mstari mwingine. Nilifikiri lori. Mama Risper alinyanyua simu aiulize Migori, lakini namba ya Migori haikuita hata mara moja. Na hapo ndipo nilipoona kitu nilichopaswa kukiona kwanza: taa ya redio ilikuwa tulivu. Ilipepesa polepole, kama mtu anayepumua. Njia ya kwenda Migori haikuwa imejaa wala kufa.

"Mzee, usiweke kikombe chini," nilisema. Sikuwahi kumsemesha mkubwa yeyote namna hiyo.

Herufi zikaanza kujipanga kwenye kioo cha programu ya kuandikiana.

"Homa Bay. Hapa mvua kubwa sana. Laini ya Kisii imelala. Sisi tupo. Nyinyi je?"

Mhandisi Mkuu aliinama, akainua miwani, akasoma mara mbili. Nje Homa Bay jua lilikuwa linawaka.

"Huu ujumbe umepita wapi?"

"Redioni."

"Laini zote mbili zimekufa, na hawa bado wanaongea."

"Ndiyo, mzee. Lile jibu la kwanza halikuwa kosa. Ruta ya Migori ilikuwa haina njia, ikasema haina. Ingeturudishia vifurushi, redio ingejaa, na huyu Chacha tusingemsikia."

Mzee aliokota kebo aliyoichomoa, akaichomeka tena kwa mkono ule ule wa kushoto. Ruta iliisalimu Kisumu, Kisumu ikaitika. Kisha redio ikachangamka, na mbele ya macho yetu maombi ya Migori yakaanza kupita kwetu kwenda Kisumu: karani wa Migori, akiwa katikati ya mvua, nguzo zake zote zikiwa kimya, alikuwa anaagiza chanjo ya ng'ombe kwa ajili ya mfugaji wa Ntimaru aliyesimama mbele yake. Jibu likarudi: ipo, ghala la Homa Bay. Mama Risper aliondoka mbio kwenda kuitenga, kanga ikimdondoka begani.

Mhandisi Mkuu alikigusa kikombe kwa nje, kwa vidole vyote. "Bado moto," alisema. "Mwambie Chacha akafunike mashine zake, zisinyeshewe."

Nilihudumu katika kazi hii hadi kustaafu. Nilipanda vyeo, nikafanya kazi Eldoret na Mombasa chini ya wakurugenzi wa kila namna, nikasanifu mitandao ambayo ile pembetatu yetu ingeingia katika kona yake moja. Wahandisi vijana hunijia wakisema wamenunua njia ya pili na kwa hiyo wako salama. Mimi huwauliza nguzo zinapita wapi. Kisha huwauliza nodi yao ikiwa haina la kutoa, inamjibu jirani nini, na kwa haraka gani. Wengi hudhani swali la pili ni la adabu. Ni la uhandisi, ingawa jibu lake nililipata kwenye kaunta ya dawa ya kupe.

Ile sentensi ya mtahini haikunisumbua tena. Mtandao wangu ulinyeshewa, nami nilikuwepo, kwenye jua, nikisoma habari za mvua yake.

Chacha hakupanda lori. Alistaafia Migori, sasa yuko Ntimaru na ng'ombe wake, na mimi niko kwetu Voi ambako mvua ni habari. Hatupigiani simu mara nyingi. Lakini kila msimu, mawingu yakishuka upande wake na laini zikianza kuyumba, simu yangu hutetemeka mezani, na kabla sijaifungua ninajua itakavyosoma.

"Dokta. Hapa mvua kubwa. Sisi tupo. Nyinyi je?"

Nami humjibu mara moja.